Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Gharama ya Kushuka Melini Huko Alaska

Makala haya yametokana na swali la mama mmoja wa Likoni, Mombasa, aliyesimama mbele yangu katika foleni ya dawati la matembezi, ndani ya meli ya kitalii iliyokuwa imeng'oa nanga Seattle siku hiyo kuelekea Alaska. Binti yake, muuguzi anayefanya kazi mji wa Tacoma, alikuwa akimfafanulia orodha ya bei iliyobandikwa ukutani. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa Kiswahili, akiamini kuwa hapakuwa na mwingine wa kumwelewa:

"Mwanangu, si ulinambia umeshalipa?"

"Nimelipia meli, Mama. Hivi ni vya nchi kavu."

"Kwani tulikuja kuona meli?"

Sikuweza kujizuia. Nilimwamkia shikamoo, naye akageuka kwa mshangao, akaitikia marahaba, na tangu hapo tukawa watu wa meza moja kwa siku saba. Ndugu msomaji, katika mengi niliyoyasoma na kuyafundisha kuhusu biashara ya utalii, sijapata kukutana na swali lililoligusa jambo kwa ufupi kiasi hicho.

Nieleze kwanza jinsi nilivyofika pale. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifundisha somo la utalii na jamii, na kila mwaka nimewasomesha wanafunzi habari za meli hizi bila ya mimi mwenyewe kuwahi kuipanda hata moja. Majira ya joto yaliyopita niliamua kuiondoa aibu hiyo. Tiketi ya chumba kisicho na dirisha ilikuwa dola 880 kwa kila mtu, vyumba vikihesabiwa kuwa vya watu wawili wawili. Kwa kuwa nilisafiri peke yangu, nililipia pia sehemu kubwa ya nafasi ya mtu wa pili ambaye hakuwapo. Hata hivyo, ukizingatia kwamba bei hiyo ilibeba malazi, chakula na usafiri wa juma zima, sikuona kuwa nimeonewa.

Orodha ya matembezi ndiyo iliyonifumbua macho. Kwenda kutazama nyangumi kwa mashua huko Juneau kulikuwa dola 189. Ziara fupi ya kutazama nguzo za kuchongwa za wenyeji wa Ketchikan ilikuwa dola 99. Ziara ya kutafuta dubu katika bandari nyingine ilikuwa dola 149. Kupanda helikopta na kutua juu ya mto wa barafu kulizidi dola 400, na aliyetaka kuwakuta huko juu mbwa wanaovuta sileji alitakiwa kulipa zaidi ya dola 600. Tukiachia mbali helikopta, yale matembezi matatu ya mwanzo yalikuwa dola 437 kwa mtu mmoja. Kwa mama na binti yake ni dola 874, yaani karibu sawa na tiketi ya tatu. Binti alikuwa amedunduliza muda mrefu ili ampe mama yake zawadi ya kutimiza miaka 70. Katika foleni ile aligundua kwamba zawadi aliyoinunua ilikuwa nusu ya zawadi.

Haki inataka tuanze kwa kuwatetea wanaouza matembezi hayo, kwa sababu lawama za haraka hazimfundishi mtu. Msimu wa meli kusini-mashariki mwa Alaska huanza Aprili na kwisha Oktoba. Mwenye mashua ya nyangumi anayo miezi hiyo tu ya kutafuta fedha za mwaka mzima: mshahara wa nahodha, bima, mafuta, matengenezo, na nyumba za kuwapangishia vibarua wa msimu katika miji ambayo nyumba zenyewe ni adimu. Juneau, ingawa ni mji mkuu wa jimbo, haina barabara inayoiunganisha na sehemu nyingine yoyote. Huingii wala hutoki ila kwa ndege au kwa chombo cha majini. Karibu kila kipuri na kila gunia la unga huletwa kwa njia hizo. Helikopta ni ghali popote duniani, na juu ya barafu, ambako hali ya hewa hubadilika ndani ya saa moja, rubani hodari hapatikani kwa bei ya chee. Kwa hiyo asije mtu akasema kuwa dola 189 zote ni faida. Mashua ile ina gharama zake, na wengi wanaoiendesha ni watu wa mji wanaofanya kazi kwa bidii.

Lakini gharama za mashua hazitoshi kueleza bei yote. Sehemu nyingine ya bei inaelezwa na saa. Meli hufunga gati asubuhi au adhuhuri na kuondoka kwa saa iliyopangwa, wala haimsubiri abiria aliyechelewa kwa shughuli zake binafsi. Mgeni aliyenunua matembezi kwa meli huambiwa kwamba ziara yake ikichelewa, meli itamsubiri au itamfikisha bandari inayofuata. Aliyejitafutia mwenyewe hana ahadi hiyo. Maneno hayo ni ya kweli, nami siwalaumu wanaoyasema. Ila yanaposemwa mara tatu kwa siku, katika vipaza sauti, katika televisheni ya chumbani na katika karatasi zinazopitishwa chini ya mlango, huacha kuwa taarifa na kuwa bidhaa. Anachonunua mgeni ni nyangumi pamoja na kuondolewa hofu ya kuachwa, na hofu hiyo imekuzwa na yule yule anayeiuza dawa yake.

Zipo sababu za kibiashara za kufanya hivyo, wala si siri. Katika hesabu ambazo kampuni kubwa za meli za kitalii huzitangaza kwa wenye hisa, mapato hugawanywa mafungu mawili: ya tiketi, na ya vile vinavyouzwa baada ya abiria kupanda, kama vile vinywaji, kamari, intaneti na matembezi. Fungu hilo la pili ni takribani theluthi ya mapato yote. Tiketi hushushwa ili chumba kisisafiri kitupu, kisha abiria hukamuliwa polepole akiwa tayari yu ndani. Wazee wetu walikwisha kusema kuwa rahisi ni ghali.

Hata ratiba ya bandari ina mkono wa sheria ndani yake. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 huzuia meli zenye bendera za kigeni kuchukua abiria kutoka bandari moja ya nchi hiyo hadi nyingine bila kugusa nchi ya kigeni. Meli kubwa za kitalii zinazokwenda Alaska, kwa sehemu kubwa, zimeandikishwa ughaibuni, katika nchi kama vile Bahamas, Panama na Bermuda. Hivyo safari inayoanzia Seattle hulazimika kutia nanga Kanada. Sisi tulifika Victoria jioni ya siku ya mwisho, tukakaa kwa saa chache tu. Saa zetu zilikuwa zimegawiwa kwa hesabu za sheria, mafuta na nafasi za gati, kabla hata hatujafungasha mizigo. Mwenye kuzigawa saa ndiye pia mwenye kuuza namna ya kuzitumia.

Watu wa Alaska hawakukaa kimya mbele ya jambo hili. Mwaka 2006 wapiga kura wa jimbo hilo walipitisha kwa kura yao wenyewe sheria iliyotoza kodi ya dola 46 kwa kila abiria wa meli kubwa. Mwaka 2010 bunge la jimbo liliipunguza hadi dola 34.50. Katika fedha hizo, dola 5 kwa kila abiria hugawiwa miji ya bandari za mwanzo ambazo meli huzifikia. Abiria wengi hawajui kuwa wanailipa kodi hiyo, kwa kuwa humezwa ndani ya mstari wa "kodi na ada" katika risiti. Linganisha, ndugu msomaji: dola 5 kwa mji unaoipokea meli, na dola 189 kwa saa chache za mashua.

Kura ile ya 2006 ilibeba pia kifungu ambacho kwangu kina uzito kuliko kodi yenyewe. Kilitaka abiria aambiwe waziwazi pale ambapo biashara ya bandarini imelipa ili isifiwe melini. Wananchi walitambua kwamba yule anayesimama jukwaani, akichora ramani ya mji na kuonyesha duka la kuaminika na ziara isiyofaa kukosa, si mwongozaji tu, ni dalali. Udalali ni kazi halali. Dalali wa nyumba Kariakoo hujulikana kuwa ni dalali, na mteja huingia kwenye mazungumzo akijua. Madhara huanza pale dalali anapovaa kanzu ya mwalimu. Mimi niliyesikiliza mhadhara wa bandari katika ukumbi wa meli niliona jinsi tangazo la udalali linavyoweza kutimiza sheria na bado lisisikike: lilisemwa mara moja, haraka, kati ya mzaha na muziki.

Tulifika Juneau asubuhi yenye manyunyu. Mji huo una watu takribani elfu 32, na mwaka 2023 ulipokea abiria wa meli zaidi ya milioni 1.6. Msongamano huo uliwafanya viongozi wa mji wakubaliane na kampuni za meli kwamba tangu mwaka 2024 zisizidi meli kubwa tano kwa siku. Mwaka huo huo wananchi waliitwa kupiga kura iwapo meli kubwa zizuiwe kabisa siku za Jumamosi ili mji upate kupumua. Wengi walikataa, kwa kuwa mkate wa wengi unatoka melini. Sikuwaona wala kuwasikia watu wanaochukia wageni. Niliona watu wanaotaka wageni wawe na kiasi, na ambao hawajakubaliana kiasi hicho ni kipi.

Hapo Juneau ndipo tulipolijibu swali la Mama. Mto wa barafu wa Mendenhall uko takribani kilomita 19 kutoka katikati ya mji, ndani ya msitu wa umma wa Tongass. Ni mali ya taifa, na unasimamiwa na Idara ya Misitu ya Marekani. Gatini tuliuziwa basi la watalii la kutufikisha huko. Nilikuwa nimesoma kabla ya safari kwamba basi la kawaida la mji, lile wanalopanda wanafunzi na wauza maduka, hupita karibu na hapo kwa nauli ya dola 2, kisha mtu hutembea kama kilomita mbili na nusu. Nilimweleza binti, naye akamtazama mama yake na miguu yake ya miaka 70.

"Mwalimu," akasema Mama, "mimi nimevuka feri ya Likoni kwa miguu miaka arubaini. Hatulipi, wala hatupewi kahawa. Lakini tukivuka, tumevuka. Twende."

Tulitembea taratibu, tukipumzika mara mbili. Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa dola 4, na kiingilio cha kituo cha wageni dola 5. Kwa dola 9 kila mmoja, Mama alisimama ukingoni mwa ziwa akautazama ule mto wa barafu ya buluu ukishuka kutoka mlimani, na maporomoko ya maji yakinguruma pembeni yake. Hakusema neno kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama ni kweli kwamba miaka ya nyuma barafu ile ilifika pale tuliposimama. Mhifadhi aliyekuwa karibu alimwonyesha kwa mkono mahali ilipokuwa ikifika kituo hicho kilipofunguliwa mwaka 1962, na mahali ilipo leo. Mama alitikisa kichwa, akasema kwamba amewahi kwa kuchelewa.

Sitaki kuwadanganya wasomaji wangu kuwa njia ya dola 9 ni jibu la kila mtu. Mgonjwa wa magoti asingeiweza. Mwenye watoto watatu wadogo katika mvua asingeifurahia. Wala nyangumi hawafikiwi kwa basi. Nami nikiri: alasiri ya siku hiyo hiyo nilipanda mashua ya dola 189 niliyokwisha kuilipia, nikamwona nyangumi akiuinua mkia wake na kuzama, na sikujutia hata senti moja. Ninachokilalamikia ni kwamba katika siku saba za vipaza sauti hatukusikia hata mara moja kwamba basi la dola 2 lipo. Bei ghali inayochaguliwa na mtu anayeijua ile ya rahisi ni biashara. Ila inayolipwa na mtu aliyefichwa njia nyingine ina jina jingine.

Kutoka Juneau meli iliingia Glacier Bay, na hapo nilijifunza jambo nisilolitarajia. Hiyo ni hifadhi ya taifa, na sheria zake huruhusu meli kubwa mbili tu kwa siku. Hakuna anayeshuka, na kwa hiyo hakuna tembezi la kuuza. Asubuhi wahifadhi walipanda kutoka mashua ndogo, pamoja na mwongozaji wa kabila la Watlingit, wakakaa nasi kutwa nzima wakieleza historia ya ghuba ile. Nahodha aliizungusha meli taratibu mbele ya ukuta wa barafu, ili walio kila upande waone. Mwenye chumba cha kifahari na sisi wa vyumba visivyo na dirisha tulisimama kwenye sitaha moja, katika baridi moja, tukisikia mlio ule ule wa barafu ikipasuka na kuanguka baharini. Ilikuwa siku bora kuliko zote, na ndiyo siku ambayo hatukuuziwa kitu cha nchi kavu. Mahali ambapo umma umeshika ufunguo na kuweka masharti, meli imeyakubali masharti hayo, na bado inakuja.

Hata hivyo ufunguo wa umma nao una historia yake. Watlingit wa Huna waliishi katika bonde ambalo sasa ni ghuba hiyo, mpaka barafu ilipokua katika karne ya 18 na kuwafukuza kutoka vijiji vyao. Barafu ilipoanza kurudi nyuma, nao walirudi kuvua, kuwinda na kuokota mayai ya shakwe. Mwaka 1925 serikali ilipatangaza mahali hapo kuwa eneo la kumbukumbu la taifa, na mwaka 1980 kuwa hifadhi kamili. Na kadiri masharti ya uhifadhi yalivyokazwa, wenyeji wakawa wageni kwao. Ilichukua hadi mwaka 2014 kwa bunge la Marekani kupitisha sheria ya kuwaruhusu tena kuokota mayai ya shakwe, na hadi mwaka 2016 kwa nyumba yao ya jadi kufunguliwa ndani ya hifadhi. Mwongozaji wetu aliyasema haya bila uchungu katika sauti yake, lakini alitaja kila mwaka kwa tarakimu, kama mtu anayesoma hati ya deni.

Mtanzania hawezi kusikia habari hizo bila kukumbuka nyumbani. Serengeti ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1959 Wamasai waliokuwa wakiishi humo walitolewa, wakapewa kuishi Ngorongoro. Pori linaloitwa halina watu, mara nyingi ni pori ambalo watu wake waliondolewa. Nalitaja hili kwa sababu tunapozungumza juu ya bei ya kuliona pori, tunapaswa kuuliza pia ni nani aliyelilipa kwanza, tena kwa kitu ambacho hakikuwa fedha.

Kituo kilichofuata kilinipa jibu lenye matumaini zaidi. Karibu na kijiji cha Hoonah, chenye watu wasiofika elfu moja, wengi wao Watlingit wa Huna, kuna bandari iitwayo Icy Strait Point. Zamani palikuwa na kiwanda cha kusindika samaki wa makopo, kilichojengwa mwaka 1912. Leo mahali hapo pote ni mali ya Huna Totem Corporation, shirika la wenyeji wa asili lililotokana na sheria ya mwaka 1971 iliyomaliza madai ya ardhi ya wenyeji wa Alaska kwa kuwapa ekari milioni 44 na dola milioni 962.5, kupitia mashirika ambayo wenyeji wenyewe ni wenye hisa. Meli zilianza kufika hapo mwaka 2004. Mwenye gati ni wao, na mwenye maduka ni wao au ni Waalaska wenzao. Kiwanda cha zamani kimefanywa jumba la makumbusho lisilotoza kitu, na njia ya kwenda kijijini hutembewa kwa miguu.

Je, matembezi ya Hoonah ni ya bei poa? Hata kidogo. Ziara ya dubu ya dola 149 ilikuwa hapo hapo, na kushuka mlimani kwa kamba ya waya nako hakukuwa rahisi. Bei haikupungua kwa sababu mwenyeji ndiye mwenye mali, wala sioni kwa nini ipungue. Tofauti ni mahali fedha inapolala usiku. Nilimwuliza mama mmoja aliyekuwa akiuza samoni wa kukaushwa kwa moshi anafanya nini meli zikiondoka mwezi wa kumi. Alijibu kwamba wanakijiji hukaa, huhesabu, hugombana katika mkutano wa wenye hisa, kisha hupanga mwaka unaofuata. Nilitamani wanafunzi wangu wangemsikia. Kugombana juu ya mapato ni fahari ya mtu mwenye mapato.

Tuna methali ambayo kila mtoto wa Kiswahili ameisikia: mgeni njoo, mwenyeji apone. Huwa tunaitaja kwa furaha mgeni anapoingia na mkono wake haukosi kitu. Ila methali haisemi kuwa mwenyeji atapona wenyewe kwa wenyewe, ati kwa sababu mgeni amefika. Meli ya watu elfu mbili inaweza kutia nanga asubuhi na kuondoka jioni, mwenyeji akabaki na foleni, moshi na takataka, huku chakula kikiwa kimeliwa melini na matembezi yakiwa yamelipiwa katika ofisi iliyo bara jingine. Katika reli maarufu ya White Pass huko Skagway, iliyojengwa kati ya 1898 na 1900 wakati wa mbio za dhahabu za Klondike, mambo yamekwenda hatua moja mbele: mwaka 2018 ilinunuliwa na ubia ambao Carnival, kampuni kubwa ya meli, ni mmoja wa wabia wake. Mgeni anashuka katika meli ya kampuni na kupanda treni ambayo kampuni hiyo ina hisa ndani yake.

Meli za aina hii hutia nanga pia Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, na kila inapofika moja tunaipokea kwa ngoma na hotuba za mawaziri. Mimi sipingi ngoma. Napendekeza tu kwamba ngoma zikinyamaza tuulize maswali ambayo wapiga kura wa Alaska walijiuliza. Kila abiria ameacha kiasi gani kwa mji wenyewe, na fedha hizo zimetumika wapi? Katika bei ya ziara ya Mji Mkongwe iliyouzwa melini, mwongozaji aliyetembea juani amepata fungu gani, na dalali fungu gani? Je, mgeni ameambiwa kuwa anayemshauri amelipwa ili amshauri hivyo? Gati ni la nani, na mwenye gati ana uwezo wa kusema "leo zimetosha"? Haya hayahitaji utajiri wa Marekani. Yanahitaji kanuni ya ukurasa mmoja, na daftari la hesabu ambalo mwananchi yeyote anaweza kulifungua.

Kwa msafiri wa kawaida, hasa ndugu zetu walio ughaibuni wanaotaka kuwaonyesha wazazi dunia kabla muda haujapita, nina ushauri wa vitendo. Unapoitazama bei ya tiketi, ihesabu kuwa ni sehemu tu ya gharama, na uweke kando fungu la nchi kavu tangu siku ya kwanza. Soma habari za kila bandari kabla hujapanda, kwa maana ukishapanda mwalimu wako atakuwa dalali. Chagua tembezi moja ambalo haliwezekani ila kwa kulipa, ulilipie bila majuto. Mengine yatafute kwa miguu na kwa basi la mji, ukiacha muda wa kutosha wa kurudi gatini. Ukipata pa kununua moja kwa moja kwa mwenyeji, nunua hapo.

Usiku wa mwisho, Victoria ikiwa nyuma yetu, binti alikuja mezani na karatasi ya hesabu ya chumba chao. Matembezi waliyonunua yalikuwa moja tu, lile la Ketchikan, kwa kuwa Mama alitaka kuona jinsi watu wa huko wanavyochonga mti mmoja kuwa ukoo mzima. Binti alikuwa na haya kidogo, kama mtu aliyetoa zawadi pungufu. Mama aliichukua karatasi, akaikunja mara nne na kuitia mkobani.

"Hii nitakwenda nayo Likoni," akasema. "Wakiniuliza barafu ni kiasi gani, niwaambie ni dola tisa. Na wakiuliza hizi nyingine zilikuwa za nini, niwaambie wamwulize mwenye meli."